Meko Matano, Boma Moja

Kijana aliyenunua shamba lile ana adabu, na ndiyo maana sikumkasirikia kwa swali lake. Alikuwa ameegemea jembe kati ya mawe meusi yaliyochungulia kwenye nyasi kavu, akaniangalia kwa ile heshima ya siku hizi, heshima yenye haraka.

"Mama, usikasirike nikiuliza," akasema. "Huyu mzee alikuwa anakaa hapa kitambo, alikuwa na mabibi wangapi? Kila nikilima napata mafiga. Hapa iko, pale iko, kule kwa mti iko. Nimehesabu jiko tano. Huyo alikuwa mwanaume kweli!"

Nilicheka hadi nikashika kiuno. Kisha kicheko kikakatika chenyewe. Nilimwambia aendelee kulima, nitamweleza baadaye. Nilikuwa nimetoka kumzika mdogo wetu upande wa Matiliku, na kabla ya kurudi kwangu Kitui nilitaka kuona mahali tulipokulia. Sasa katika wote waliokula katika boma lile nimebaki mimi peke yangu, na hilo, rafiki yangu, ni jambo gumu kulizoea.

Basi wewe nikusimulie kwanza, yeye atangoja.

Boma lile lilikuwa la Susu. Susu kwa Kikamba ni nyanya, lakini hakuwa nyanya wa yeyote kati yetu kwa damu. Alikuwa mjane aliyezika watoto wake wote wangali wadogo, mmoja wa watu wa kwanza upande ule kubatizwa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini ambaye hukuweza kujua kama amekasirika mpaka uone ameacha kusuka kiondo chake. Ilikuwa miaka ya thelathini, mkoloni akitawala, na nzige walikuwa wamepita. Baada ya nzige jua lilikaa, na baada ya jua watoto wakaanza kuonekana njiani bila watu wao.

Kaka mkubwa alitokea upande wa Mutomo, na mbuzi mmoja, na hakuwahi kusema wengine wa kwao waliishia wapi. Dada alitoka Zombe. Aliletwa na wachuuzi wa mifugo, Waislamu kutoka kaskazini, waliomkuta ameketi kando ya njia na kushindwa kumwacha. Mimi nilikuwa wa karibu. Mama alifariki akijifungua, na baba alienda kukata mkonge kwenye shamba la mzungu, tukamngoja, kisha tukaacha kumngoja. Mdogo wetu ndiye hatukujua lolote juu yake. Aliachwa kwenye mlango wa kanisa, ndani ya kiondo kizuri sana, na Susu alikitunza kiondo kile maisha yake yote, akiamini kuna siku mwenye mkono uliokisuka atakitambua.

Watu hawakututesa, siwezi kusema hivyo. Walituogopa tu. Mtoto ambaye watu wake wameisha, nani ajuaye amebeba nini? Tulipoenda kuchota maji, tukichimba mchanga wa mto hadi maji yachipuke chini, wanawake walitusogezea kibuyu kwa fimbo. Watoto wao walicheza na sisi mpaka mama zao waite, na waliitwa mapema. Nilikuwa mpweke kabla sijalijua neno lenyewe.

Lakini jioni kulikuwa na nyungu. Nyungu moja kubwa, nyeusi, yenye ufa mdogo uliozibwa na nta, juu ya mafiga matatu katikati ya nyumba. Mchana dada na mimi tulitwanga mahindi hadi maganda yatoke, ule mlio wa mchi wa kupokezana, wake, wangu, wake, wangu, na jioni Susu aliyapika na kunde yawe muthokoi. Kukiwa na mbaazi, palikuwa na sherehe. Kukiwa na majani ya kunde tu, Susu aliyapika na kuyasifu kama nyama mpaka tukamwamini. Kila mmoja alikuwa na mahali pake pa kuketi. Kaka mkubwa mlangoni, kwa sababu alikuwa mwanamume wa nyumba. Dada penye kuni. Mimi karibu na ukuta wenye joto. Mdogo wetu alikaa upande wa goti la kushoto la Susu, na alilishika goti lile akila, kama mtu aliyeshika mlango usifungwe. Tulichota kwa mikono kutoka sinia moja la mti. Hatukuwa ukoo, lakini mtu akitukuta tunakula asingejua.

Ndipo habari ya shule ikaja.

Misheni ilituma neno kwamba mwalimu yupo, aliyesoma kweli, ikiwa watu wangejenga nyumba ya kufundishia. Palikuwa tayari na shule ndogo ya kukariri maswali ya ubatizo, lakini hii ilikuwa nyingine. Hii ingefundisha kusoma, kuandika na hesabu, na mtoto anayefanya vizuri angepelekwa mbele, kwenye shule ya bweni. Kujenga kulikuwa kwa mwethya, ile kazi ya ujima ya Wakamba ambapo wote hutoka na majembe na nyimbo, leo kwako, kesho kwangu. Kamati ya wazee wa kanisa ikakaa na kuamua jinsi nafasi zitakavyogawanywa, maana chumba kilikuwa kimoja na watoto ni wengi. Waliamua kwa jiko. Kila jiko litakalotoa nyasi za paa, maji na mchanga litapata nafasi moja. Mwenye wake watatu ana meko matatu, basi watoto watatu. Hakuna wa kulalamika.

Sisi tulikuwa na jiko moja.

Nilimsikia Susu akisema na mzee wa kamati chini ya ukuta uliokuwa bado unainuka. Nilikuwa nimebeba maji na nilijifanya nimechoka ili nipumzike karibu nao.

"Mzee, mimi nina watoto wanne."

"Mwaitu, una jiko moja," akajibu. Neno hilo kwa Kikamba maana yake ni “mama yetu”, na alimwita hivyo ingawa walikuwa karibu rika moja. "Nikikupa wanne kwa jiko moja, yule mwenye ng'ombe pale juu ataleta kumi. Nitamwambia nini? Chagua mmoja."

"Nichague yupi?"

Mzee alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda mambo yawe sawa, na watu wa namna hiyo hupata shida sana duniani.

"Mimi nahesabu jiko, Mwaitu," akasema mwishowe. "Jiko lenye moto, lenye chakula, na mtu wake anakula hapo. Sihesabu akina mama."

 Njiani kurudi nilimwona Susu akitazama mto mkavu na mawe yake.

Ili unielewe, lazima ujue alichokuwa anaogopa. Alikuwa akituambia, akisuka, bila kuinua macho: "Nikifa leo mtagawanywa kama mbuzi. Anayejua kusoma hagawanywi." Na kweli tayari walikuwepo waliokuwa wanatutazama kwa kutupima. Yule mwenye ng'ombe alimtaka kaka mkubwa awe mchungaji wake. Mke wake alimtaka dada amlelee mtoto. Walisema kwa upole kabisa, kana kwamba wanamsaidia Susu mzigo. Kwa mtoto wa namna yetu palikuwa na njia mbili tu, kuingia kwenye nyumba ile ya nyasi au kuingia kwenye zizi la mtu, na kati yetu sisi wanne mmoja tu ndiye angeponea shuleni.

Kesho yake Susu alitupeleka mtoni, akamwambia kila mmoja achague mawe matatu.

Tulidhani ni mchezo. Kaka mkubwa alichukua makubwa ili aonyeshe nguvu. Mdogo wetu alirudi na mawe madogo kama viazi, kwa kuwa yalikuwa yanang'aa, na Susu akayabadilisha moja moja akimwachia moja la kuchezea. Tulipofika bomani akatupeleka kila mtu kwenye pembe yake. Kaka mkubwa penye mti, dada nyuma ya ghala, mimi upande wa mteremko, mdogo wetu karibu na njia ya kuingilia. Akapanga mafiga kwa mikono yake, akaleta moto kutoka jiko lake na kuuwasha kila mahali, na tukaezeka vibanda vidogo vya nyasi juu yake.

"Mnalala kwangu," akasema. "Lakini sasa ninyi ni majirani zangu. Kila mtu ale kwake, hata mdogo; mmoja wenu akionekana anakula kwangu, watasema wote ni wa jiko langu."

Mdogo wetu akauliza, "Mpaka lini?"

"Jiko ni nyumba," Susu akajibu. "Haliwekwi leo likaondolewa kesho."

Kisha aliigeuza ile nyungu kubwa kifudifudi nyuma ya nyumba. Baada ya muda ufa wake ulifunguka ukawa tundu, na kuku mmoja mwerevu akaona hapo ndipo pa kutagia.

Unaweza kucheka, nami siku ile nilicheka. Nilijiona mwanamke mwenye mji. Nilifagia kibanda changu mara nyingi kuliko kilivyohitaji. Lakini jioni ya kwanza, nilipoketi mbele ya chungu changu kidogo na muthokoi wangu mgumu, ndipo nilipojisikia nikitafuna. Hujawahi kusikia sauti ya ajabu kama hiyo. Ndani ya jiko la Susu sikuwahi kujua kwamba kula kuna kelele. Nilisimama nikapaza sauti, "Chenu kimeiva?" na dada akajibu kutoka nyuma ya ghala, na kaka mkubwa akajibu kwa kukohoa, maana moshi ulikuwa unamshinda. Susu akatoka mlangoni. Alisema majirani hawaitani wakati wa kula, mpita njia akisikia atajua. Basi tukanyamaza, na tukaendelea kunyamaza jioni zote zilizofuata.

Kaka mkubwa ndiye aliyeumia mbele ya watu. Mwanamume wa Kikamba aliyekaribia kutahiriwa akipuliza moto na kusonga ugali! Wavulana wachungaji walikuja kumtazama kama watu wanavyotazama tamasha, wakamwita mke wa Susu. Hakupigana nao. Aliendelea kusonga, ugali wake mbichi katikati na mweusi kandokando, akiwa ameuma meno. Alitaka ile shule kuliko sisi sote, na hakuwahi kusema.

Siku za mwethya tulienda kama meko matano. Wengine walipopeleka mafungu ya nyasi kwa jina la mama fulani, sisi tulipeleka kila mtu lake. Mdogo wetu alibeba kibuyu kidogo cha maji kilichomwagika nusu njiani, akakimimina kwenye udongo wa kukandika kwa uzito wote wa mtu mzima anayetimiza wajibu wake. Wanawake waliangua kicheko, lakini mmoja wao alimpangusa mguu wenye matope, kwa mkono, si kwa fimbo. Nalikumbuka hilo.

Kisha wazee wakapita kukagua. Walikuja saa ya moshi, jioni, wakati ambapo jiko haliwezi kudanganya. Walikuwa wawili, yule mzee wa kamati na mwenzake wa upande wa mwenye ng'ombe, ambaye uso wake ulionyesha kwamba amekuja kukataa. Walianza kwa kaka mkubwa. Yule mzee wa kamati alitia mkono kwenye majivu, akamega ugali, akautafuna muda mrefu na kuumeza kwa ujasiri. "Ni jiko," akasema. Kwa dada wakasema ni jiko. Kwangu, mwenzake alifunua chungu, akanusa, akaniuliza kama ninakula hapa kila siku. Nikasema ndiyo, na ilikuwa kweli tupu.

Walipofika kwa mdogo wetu moto ulikuwa unawaka, uji unachemka, na mwenyewe hayupo.

Tulijua yuko wapi. Alikuwa amejikaza tangu mwanzo, lakini kuona wageni kulimtisha, akakimbilia mahali alipokuwa anakimbilia daima. Wazee walivuka uwanja na sisi nyuma yao, na pale, mbele ya jiko la Susu, alikuwa ameketi upande wa kushoto na mkono juu ya goti.

"Na huyu je?" akauliza yule mwenzake, akifurahi kidogo. "Huyu ni wa jiko gani?"

Nilimtazama Susu. Nilidhani atalia, au ataomba. Aliendelea kukoroga chakula chake.

"Ni mtoto wa jirani," akasema. "Amekuja kuomba moto."

Kila mtu aliyekuwepo aliijua desturi ile. Moto wako ukizimika unaenda kwa jirani na kigae, anakupa kaa, unarudi kwako. Mwenye jiko tu ndiye huomba moto. Susu aliokota kigae, akachagua kaa zuri jekundu, akaliweka juu yake na majivu kidogo lisimchome, akamkabidhi. Kisha akauondoa mkono wa mtoto kwenye goti lake.

"Moto ndio huo," akamwambia. "Rudi kwenu."

Mdogo wetu hakuelewa. Alimtazama Susu, akatutazama sisi. Susu akarudia, kwa sauti ile ile ya chini, "Rudi kwenu, mtoto." Akainuka na kigae chake, akavuka uwanja polepole ili kaa lisianguke, machozi yakimdondoka na hana mkono wa kuyafuta. Alilitia kaa lake kwenye moto ambao ulikuwa unawaka tayari, akaketi peke yake. Mzee wa kamati alikuwa anatazama chini.

"Meko manne na la Mwaitu," akasema. "Twende."

Basi sote wanne tuliingia shule. Sauti ya kengele yake, kipande cha reli kilichogongwa kwa nondo, bado naisikia nikilala vibaya. Tuliandika mchangani kwa vidole kabla ya kupewa vibao, na mwalimu, mtu mkavu mwenye shati moja jeupe, alituita kwa majina yetu bila kuuliza ya baba zetu. Kaka mkubwa alienda bweni, baadaye akawa karani wa reli. Dada aliolewa na mwalimu na akafundisha mwenyewe. Mimi nilifundisha hadi nikastaafu. Mdogo wetu alikuwa mkunga, na wiki iliyopita kanisa lilijaa watu aliowapokea duniani. Hakuna aliyechunga ng'ombe wa mtu. Susu alishinda, tena alishinda kabisa.

Lakini hatukurudi kwenye jiko moja. Wazee walipita mara kwa mara, na yule mwenzake alipita hata pasipo na haja. Na hata pale ambapo hakuna aliyetazama, kitu kilikuwa kimebadilika. Nakumbuka Jumapili moja ya mvua kubwa, vibanda vyetu vinavuja, Susu akaita, "Njoo ule hapa, mwanangu, leo hakuna anayeona." Mdogo wetu alikuja akiwa amelowa chapachapa. Alisimama nje kwenye matone ya paa, hakuingia.

"Hodi, Susu," akasema.

Hakuwahi kupiga hodi pale kabla. Susu alijifunika uso kwa leso yake, na ndiyo mara pekee niliyomwona akilia. Alituzuia tusigawanywe kama mbuzi kwa kutugawanya mwenyewe, na nadhani alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Hakuwahi kuniambia kama alijuta. Sikuwahi kumuuliza, na mimi nisingejua afanye nini kingine.

Alifariki sisi tukiwa shuleni, mbali. Jirani alitusimulia kwamba msimu wake wa mwisho aliinua ile nyungu, akamfukuza kuku, akauziba ufa kwa nta, akawa anapika chakula kingi kupita kiasi na kumkaribisha kila apitaye njiani.

Siku hizi nina jiko la gesi la mafiga manne, zawadi ya wanangu walio mbali. Nawasha moja. Jioni nafungulia redio kabla sijaanza kula, na wewe sasa unajua ni kwa nini.

Nilimwita yule kijana nikamjibu swali lake. Nilimwambia hapa hapakuwa na mzee wala mabibi, palikuwa na mwanamke mmoja na watoto wanne, na kila mmoja alikula peke yake ili asome. Alivua kofia, akaigeuza mikononi.

"Pole, mama," akasema. Kisha, kwa kuwa kazi ni kazi, "Sasa hii mawe naweza toa? Nataka kujenga matuta."

Nikamwambia atoe, ajenge, mvua isije ikamchukulia udongo. Ila anipe muda kidogo.

Nilienda penye mafiga ya Susu. Nilisimama mbali kidogo, nikapiga hodi. Kisha nikasogea, nikaketi chini, upande wa kushoto. Ilikuwa imefika ile saa ya moshi, na hapakuwa na moshi popote. Nilikaa pale hadi jua likashuka, na hakuna aliyenipa kaa la moto na kuniambia nirudi kwetu.